Baba Yako Ndani ya Mabano

Washington, 24 Novemba 2020

Mama,

Sitakuja nyumbani Sikukuu ya Shukrani. Nadhani ulijua kabla yangu, maana kolache zako zimefika kwa posta hata kabla sijatafuta maneno ya kukuambia. Zimefika zimepondeka, vimkate vyote vimekuwa makombo. Nimezila kwa kijiko, nimesimama, koti mwilini, na mbegu za mpopi bado zimenikaa kwenye meno.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu umeikataa. Sikulazimishi. Tangu nesi aliposhika simu kwenye sikio la Baba ili umuage, ulisema hutaki tena kusikia sauti ya mtu umpendaye ikitoka kwenye kidude. Basi na tuandikiane. Huenda ni afadhali. Mimi kwa mdomo huwa nasema nusu.

Nina habari, na sitajifanya mnyenyekevu. Maseneta wanane, nusu Warepublican na nusu Wademokrat, wamechoka kungoja wakubwa wao. Tangu kiangazi wakubwa hao wanatupiana muswada wa msaada kama watoto wanaotupiana paka aliyelowa, huku watu wakifungiwa milango ya kazi. Posho ya wasio na kazi inakatika mara tu baada ya Krismasi. Yako pia, Mama. Kwa hiyo hawa wanane wanakutana sebuleni kwa mmoja wao, madirisha wazi, barakoa usoni, makoti mabegani, wakitafuta maridhiano. Bosi wangu, Seneta Thole, ambaye Baba alimpigia kura kila alipogombea, ni mmoja wao. Na mimi ndiye nimeshika kalamu.

Huku kushika kalamu si ukarani. Kila neno wanalokubaliana au kugombania linapita mkononi mwangu kabla halijawa kitu. Upande wa pili yupo Renata Quiles, mwanasheria wa seneta wa chama kile kingine. Juzi alinirudishia ukurasa.

"Dada, umeandika serikali 'inaweza kutoa' posho. Hiyo 'inaweza' yako ni mlango wa nyuma wa mwizi. Andika 'itatoa'."

"Mzee wangu hataki 'itatoa'."

"Mwambie mzee wako hakuna mtoto aliyewahi kushiba 'inaweza'."

Nikaandika "itatoa". Thole alinuna, akaguna, akaiacha.

Wakubwa wa vyama vyote viwili wanatucheka. Wanasema sisi ni mkutano wa waota ndoto kwenye baridi. Wacha wacheke. Nimekaa mji huu muda wa kutosha kujua kwamba huku watu hawacheki kitu wasichokiogopa.

Binti yako,
Milada


Holub, 30 Novemba 2020

Mila,

Kolache huliwa kwa mkono. Kijiko ni cha wagonjwa na watoto.

Barua yako nimemsomea Eulalia Tzoc, yeye upande wake wa uzio na mimi upande wangu. Akasema, "Kumbe binti yako ni mkubwa huko." Nikamwambia mkubwa wa wapi, hata kitanda hatandiki. Lakini nilisoma tena ile sehemu ya kalamu, polepole, ili asikie vizuri. Usivimbe kichwa.

Mimi nipo. Ukumbi wa Sokol bado umefungwa: hakuna harusi, hakuna matanga, kwa hiyo hakuna anayehitaji mpishi. Nimefunga vyumba vya juu nisivipashe moto, nimeshusha godoro jikoni. Usianze kulia. Jikoni ndiko nilikoishi miaka yote, sasa nimeongeza kulala tu.

Na mimi nina habari. Tumepata wakili. Anaitwa Odessa Pruitt, ana sauti kama ya mtu anayeita ng'ombe, nimempenda. Amekubali kutusimamia sisi watatu dhidi ya kiwanda cha nyama: mimi kwa ajili ya baba yako, Eulalia kwa ajili ya mumewe Bonifacio, na Nyakuoth Gatluak kwa ajili ya mapafu yake mwenyewe, maana siku hizi akipanda ngazi za kanisani anakaa katikati. Kiwanda kinasema Lumir aliupata ugonjwa kwenye matanga ya binamu yake Vencil. Matanga ya Vencil yalikuwa Februari! Ugonjwa gani huo wenye subira kuliko baba yako?

Wewe unajua alivyoupata. Aprili walitangaza kwamba asiyekosa hata siku moja atapewa bonasi na kofia. Na msimamizi akapita kwenye mstari wa kukatia nyama akisema, "Homa siyo sababu, nchi inataka kula." Baba yako alimeza vidonge kwenye gari ili kipimajoto cha getini kisimkamate. Nilimwona. Nilimwambia, "Lumir, kaa." Akaniambia, "Ardith, nikikaa mimi, kisu changu atashika nani? Bonifacio naye anatetemeka." Vidole vyake vilikuwa havifungi tena ikifika jioni, kikombe alikishika kwa viganja kama mtu anayesali.

Kofia ilikuja kwa posta baada ya mazishi. Imeandikwa mbele, kwa herufi kubwa: NILIKUWEPO. Nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango. Kila nikitoka inanisalimu.

Odessa anangoja karatasi za wakaguzi wa afya kazini. Zitatoka Januari, ndipo afungue kesi. Mimi sitaki utajiri, Mila. Nataka mtu mmoja mwenye tai asimame mbele ya hakimu aseme: ndiyo, tulijua wanaumwa, na tukawaita. Basi. Nikishasikia hilo, ile kofia nitaitoa msumarini.

Swali moja, halafu nikaangalie supu. Katika hayo maandishi yenu, kuna lolote linalotuhusu sisi wa kiwandani?

Mama yako,
Ardith


Washington, 7 Desemba 2020

Mama,

Umeuliza kama kuna lolote linalowahusu. Yapo mengi. Posho itaendelea. Kuna chakula, kuna mikopo kwa biashara ndogo kama Sokol, kuna fedha za kusambaza chanjo. Hilo la chakula nimelipigania mwenyewe, nikakataa kukaa mpaka likaingia.

Yapo mengine ambayo bado yanagombaniwa. Ni mapema kuyasema.

Siku hizi natembea kwenye korido ndefu zisizo na watu, na kila nikipita kwenye kioo naona macho tu juu ya barakoa. Yanafanana na ya Baba. Sikuwahi kuliona hilo nilipokuwa na uso mzima. Najiuliza macho hayo yanafanya nini mahali hapa, yanamtazama nani kwa niaba ya nani. Kisha simu inaita, ni Renata, tunaanza tena kugombania koma.

Mama, kuhusu wakili. Usingoje Januari. Mwambie afungue kesi yako sasa hivi, kwa hicho hicho alichonacho. Yako kwanza. Usiniulize kwa nini.

Milada


Holub, 10 Desemba 2020

Milada,

Sikuiti Mila leo.

Asubuhi binti wa Nyakuoth amekuja mlangoni kwangu na gazeti ndani ya simu. Amesimama kwenye theluji, hakutaka kuingia, akasema, "Mama Ardith, hii si ndiyo kazi ya Milada?" Nikavaa miwani. Wamechapisha ukurasa wa rasimu yenu. Mtu amewaibia, au amewauza, sijui mnaitaje huko. Ukurasa una maneno haya, nayanakili ili ujue nimeyasoma:

[Mfanyakazi au jamaa wa mfanyakazi hatamshtaki mwajiri kwa ajili ya ugonjwa huu uliopatikana kazini, isipokuwa kesi iwe imefunguliwa kabla sheria hii haijatiwa saini.]

Nimeyasoma nikiwa nimesimama. Nikayasoma nimekaa. Nyakuoth alikuja nyuma ya binti yake, polepole, akiegemea uzio wangu. Akaniuliza, "Hii maana yake nini?" Mimi, mama wa msomi, nikamwambia, "Maana yake ni kwamba tumekufa bure."

Ulijua. Nilipokuandikia habari za Odessa, ulijua. Nilipokuuliza swali langu, kalamu ilikuwa mkononi mwako, na mpaka leo hujanijibu.

Na hayo mabano! Hilo ndilo limenichoma kuliko yote. Mimi sikusoma kama wewe, lakini Sista Blandina alinifundisha sarufi kwa rula. Alisema mabano ni mahali pa kuweka jambo lisilo na uzito. Kilicho ndani ya mabano unaweza kukiruka, na sentensi itabaki nzima. Basi ndivyo ulivyoona. Umemweka baba yako ndani ya mabano. Umesoma sentensi yako bila Lumir, ukaona inabaki nzima.

Posho yenu sitaki. Waambie hao wanane wakae nayo kwenye baridi. Nitakula viazi, na vikiisha nitakula maganda, lakini sitamuuza mume wangu kwa hundi ya serikali, na mtoto wangu ndiye dalali.

Ardith Vondracek


Washington, 13 Desemba 2020

Mama,

Barua yako ya hasira imefika haraka kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Hata posta inajua kuogopa.

Sasa nisikilize, kwa sababu nami nina hasira, na ni ya kwako, nimeirithi nzima nzima.

Sista Blandina hakuwahi kufanya kazi Seneti. Huku mabano ya mraba ni kinyume kabisa cha hayo aliyokufundisha. Rasimu ikiwa mezani, neno lililo nje ya mabano limekwisha, limekubaliwa, limekufa. Neno lililo ndani ya mabano ndilo pekee ambalo bado lina mtu anayelipinga. Mabano ni uzio, Mama, na nje ya uzio kuna mtu anabweka. Unajua nani aliyatia yale mabano? Mimi. Kinga ya waajiri aliitaka Thole. Aliniletea aya hiyo imeshaandikwa, safi, akaniambia, "Iweke, imekubaliwa." Haikuwa imekubaliwa. Nikaiweka na mabano. Akaja kesho yake: "Vondracek, hayo mabano yanafanya nini?" Nikamwambia, "Upande wa pili haujakubali, Mheshimiwa." Tangu hapo kila siku ananiambia niyaondoe, na kila siku Renata ananiletea pingamizi jipya, mara nyingine mstari mmoja tu, ili niwe na sababu ya kuyaacha. Hatujawahi kulisema hili kwa mdomo. Anapiga simu na kuuliza, "Bado unahitaji pingamizi?" Namwambia, "Ndiyo." Anacheka, anakata.

Upande wao nao wana mabano yao: msaada kwa majimbo na miji. Thole hataki kuyasikia. Kwa hiyo rasimu yangu ina vidonda viwili, na kila upande umeweka kidole kwenye kidonda cha mwenzake.

Unasema nilijua. Nilijua. Nikaamua kutokukuambia, na ningeamua hivyo tena, kwa sababu kama ningekuambia ungeniamuru niondoke, na mimi ningeondoka, na kalamu wangempa kijana mmoja wa ofisini ambaye angeyafuta hayo mabano huku anapiga mluzi. Ulitaka nani awe ameishika? Niambie jina.

Na usiniambie habari za maganda ya viazi. Wewe unaweza kuyala kwa kiburi. Eulalia ana watoto watatu. Ukiukataa huu muswada unaukataa kwa niaba yao pia, na sidhani umewauliza.

Mimi sikumruka Baba. Kila ninapofika kwenye ukurasa ule siwezi kusoma kitu kingine.

Milada


Holub, 17 Desemba 2020

Mila,

Jana mtu wa posta alileta barua zako mbili kwa pamoja, ya tarehe saba na ya tarehe kumi na tatu. Ya tarehe saba imezunguka nchi nzima, ina muhuri wa mji nisioujua. Kwa hiyo nimesoma maelezo kabla ya kusoma siri.

Nimeelewa mabano. Sawa. Sista Blandina amekosea, na nitamwambia nikikutana naye huko juu, kama na mimi nitapelekwa huko. Na kuhusu watoto wa Eulalia umesema kweli. Nilienda kumuuliza. Tuligombana. Alisema, "Ardith, wewe unataka hakimu. Mimi nataka hakimu na maziwa." Kisha tukacheka kama wendawazimu, maana tulikuwa tumesimama kwenye theluji hadi magotini, na barakoa zetu zimeganda.

Lakini hiyo barua ya tarehe saba. "Afungue kesi yako sasa hivi. Yako kwanza." Ndivyo ulivyoandika. Uliona tundu kwenye uzio, ukataka kumpitisha mama yako peke yake, halafu ulizibe. Na Nyakuoth? Karatasi za mapafu yake zimo kwa wakaguzi, bila hizo hana kesi. Bonifacio alikuwa na kibali cha kazi kwa jina la kaka yake, Odessa bado anahangaika kuthibitisha kwamba maiti ni Bonifacio, si kaka yake. Wao wasingewahi. Mimi ningewahi. Ningekaa mahakamani na huyo mwenye tai ningemsikia, na wao wangekuwa nje kwenye ngazi wakinisubiri.

Baba yako hakukaa nyumbani kwa sababu Bonifacio alikuwa anatetemeka. Ulikuwa upumbavu, nilimwambia hivyo, na nitamwambia tena. Lakini alikuwa mpumbavu wa aina hiyo, na mimi ni mjane wa mtu huyo. Sipiti tunduni peke yangu.

Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Kesi itafunguliwa Januari na sisi watatu, au haitafunguliwa kabisa. Hilo nimeliamua mimi. Lako ni kutafuta namna hiyo Januari ibaki ipo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, usinifiche tena kitu kwa faida yangu. Umesoma, tumia.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kofia. Nimelipia njia ya haraka, usiulize nimelipaje. Mpe huyo Thole. Mwambie mtu aliyempigia kura kila mara amemtumia. Mwambie aivae.

Mama


Washington, 22 Desemba 2020

Kwako Bibi Ardith Vondracek,

Mimi ni Garrick Thole. Hatujawahi kukutana, ingawa nimekula kwenye Ukumbi wa Sokol wakati wa kampeni, na nadhani ulikuwa wewe uliyenikatalia sahani ya pili ya bata kwa kusema wapo ambao hawajala ya kwanza.

Naandika kwa sababu binti yako hafanyi kazi tena ofisini kwangu, na sitaki ulisikie hilo kutoka kwa watu wa magazeti.

Jumapili tulikutana mara ya mwisho, wanane sote. Muda ulikuwa umetuishia. Ni desturi yetu kwamba kabla ya kupeana mikono, anayeshika kalamu anasoma rasimu nzima kwa sauti. Nilimwambia Milada asome. Kabla hajaanza alitoa kofia kwenye mfuko wake akaiweka mezani, maandishi yakinielekea mimi. Mwenzangu mmoja akauliza, "Ya nani hiyo?" Akajibu, "Ya baba yangu. Anasubiri." Kisha akaanza kusoma.

Alisoma vizuri. Posho, chakula, mikopo, chanjo. Alipofika kwenye kinga ya waajiri, ambayo nilikuwa nimeipigania tangu kiangazi, alinyamaza. Kimya cha mtu anayetazama kabla ya kuvuka barabara. Kisha akaendelea na aya iliyofuata. Nikadhani amekosea. Alipofika kwenye msaada wa majimbo na miji, ambao wale wa upande wa pili walikuwa tayari kufa kwa ajili yake, alifanya hivyo hivyo. Akamaliza. Akafunga. Mapazia yalikuwa yakipigwa na upepo.

Mwanamama mmoja wa chama kile kingine ndiye aliyesema kwanza. "Mbona inasimama imara hata bila aya hizo mbili?"

Nikasema haiwezi kusimama, ameruka kurasa. Milada akaniambia, "Sikuruka kurasa, Mheshimiwa. Niliruka mabano. Kuna mwalimu mmoja wa sarufi kwetu Holub alifundisha kwamba yakirukwa, sentensi hubaki nzima."

Bibi Vondracek, nimekaa Seneti muda mrefu, na nimeona maridhiano ya kila namna. Mengi hupatikana kwa kila mtu kuondoka na kipande. Haya yalipatikana kwa kila upande kuacha mezani kile ulichokipenda kuliko vyote. Tulikaa na makoti yetu, tukatazamana, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusema hapana. Jana muswada ulipita mabaraza yote mawili.

Nje, kwenye ngazi, nilimwambia kwamba amenisaliti. Akanijibu, "Sikusoma hata neno moja ambalo hukulikubali." Hilo ni kweli, na ndiyo sababu nilikasirika zaidi. Nilimwambia ama aandike barua kwamba alikosea, ama aache kazi. Aliandika ya pili, pale pale, kwa mkono, akiwa ameegemeza karatasi kwenye ukuta.

Sitaki kukudanganya. Bado naamini viwanda vya jimbo letu vinahitaji kinga ile, na Bunge jipya likianza nitaileta tena, kwa mlango wa mbele, mchana kweupe. Na ujue pia kwamba miji haitapata kitu, Holub ikiwemo. Watu wako watataka kujua ni nani aliyeziruka fedha zao.

Kofia nairudisha. Niliambiwa unataka niivae. Niliivaa nilipobaki peke yangu, kisha nikaivua. Mimi sikuwepo.

Wako kwa heshima,
Garrick Thole


Holub, 29 Desemba 2020

Bwana Seneta,

Kofia imefika. Imerudi msumarini.

Bata yule alikuwa amebaki sahani moja, na aliyekuwa hajala ni mume wangu. Alikuwa nyuma anaosha sufuria zangu, baada ya zamu yake.

Hiyo kinga yako ilete. Kwa mlango wa mbele, kama ulivyosema, kifua mbele. Utatukuta tumeshaingia.

Ardith Vondracek


Washington, 29 Desemba 2020

Mama,

Posho ilikatika, kisha ikarudi. Saini ya rais ilichelewa na nchi nzima ikashika roho mkononi, lakini imetiwa. Andika "itatoa" kwenye karatasi, uitundike kando ya kofia. Neno hilo ni langu na Renata, na hakuna aliyeweza kulitoa.

Kazi sina. Thole nadhani amekuandikia. Ni mtu wa aina hiyo. Nimerudisha kadi ya mlango, nimebeba kikombe changu na mmea uliokufa tangu Machi. Siombi msamaha kwa mtu yeyote na sijutii.

Isipokuwa jambo moja, na uliniambia nisikufiche kitu. Nilipoyaruka yale mabano ya pili, nilijua kilichomo. Gari la wagonjwa la Holub limo. Lile lililombeba Baba. Mji ulikuwa unategemea fedha zile ili lisiuzwe. Renata analijua hili na hajanipigia simu tangu Jumapili ile. Nilikuwa na pumzi moja ya kuamua, Mama, nikachagua hakimu wenu nikaacha gari lenu. Ningechagua hivyo tena. Lakini sijui kama nina haki ya kupita kwenye barabara ya kwetu nikamtazama mtu machoni, na kwa barakoa macho ndiyo yote tuliyobaki nayo.

Milada


Holub, 4 Januari 2021

Mila wangu,

Leo tumefungua kesi.

Karatasi za wakaguzi zilifika Jumamosi. Odessa alizisoma ndani ya gari lake nje ya nyumba yangu, akapiga honi mara tatu, ndivyo nilivyojua ni nzuri. Imeandikwa humo kwamba kiwanda kiliambiwa kitenganishe watu kwenye mstari wa kukatia nyama, kikajibu kwamba nafasi haitoshi. Siku hiyo hiyo ndiyo waliyotangaza kofia.

Tumekwenda mahakamani sisi watatu. Ngazi zile ni nyingi kwa Nyakuoth. Tulipanda kidogo, tukakaa, tukapanda, tukakaa. Askari wa mlangoni akasema, "Akina mama, kuna lifti nyuma." Nyakuoth akamwambia, "Lifti ya nyuma ni ya wanaokuja kuomba. Mimi nimekuja kushtaki." Akapanda zote. Eulalia alibeba mkoba wake na wangu, akilalamika kwamba wangu una mawe. Ulikuwa na kolache. Huwezi kujua mahakamani utakaa muda gani.

Karani alikuwa kijana mwenye mafua, nyuma ya kioo. Akaandika jina langu, kisha akauliza, "Na marehemu, Lumir Vondracek, nimweke wapi? Kuna nafasi ya maelezo ya ziada, naweza kumtia kwenye mabano baada ya jina lako." Mila, nilimtazama mpaka akaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Mwandike kwenye mstari wake mwenyewe, juu ya jina langu. Bila mabano." Akaandika. Eulalia akasema naye Bonifacio aandikwe hivyo hivyo. Foleni nyuma yetu ilinung'unika. Na inung'unike.

Thole atajaribu tena, nimemjibu. Kiwanda kimetuma watu wawili wenye tai kwa Odessa kabla hata hatujafika nyumbani. Tutashinda au tutashindwa, sijui. Ila watasimama mbele ya hakimu na wataulizwa, na huo mlango hakuna aliyeufunga.

Sasa gari la wagonjwa. Limeuzwa, ni kweli. Watu wanasema. Dukani kwa Svoboda mtu mmoja aliniambia usoni, "Binti yako ametuuza." Nikamwambia, "Huyo huyo ndiye aliyekupa posho uliyonunulia hizo soseji, zirudishe kwanza." Lakini alikuwa na sehemu ya ukweli, na mimi sikusema amekosea. Tumeitisha mkutano kwenye Ukumbi wa Sokol, madirisha wazi, makoti mabegani kama hao wanane wako. Tutapika, tutauza, tutalinunua tena lile gari au bovu kuliko lile. Nahitaji mtu wa kushika kalamu. Watu watakulaumu, na utakaa uwasikilize mpaka wamalize. Njoo ulaumiwe hapa, mezani, ukiwa umeshiba.

Nimepasha moto chumba chako cha juu. Kofia nimeitoa msumarini leo ili niivae mahakamani, na sijairudisha bado. Iko mezani, karibu na sukari.

Barua hii usiijibu. Posta yenu ni ya kobe, na mimi nimechoka kusoma siri baada ya maelezo. Leo nimesikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye kidude, kwenye kipaza sauti cha yule karani, ikitaja jina la baba yako mbele ya watu, na sikufa.

Nipigie, Mila. Nitapokea.

Mama